Hema kando ya Ziwa Naivasha: pangeni usiku kwanza

Swali: Sisi ni familia ya watu wanne, tunaishi Nairobi. Watoto wana miaka 6 na 10. Shule zikifungwa Agosti tunataka kwenda Ziwa Naivasha tulale kwenye hema Ijumaa na Jumamosi. Hatujawahi kupiga kambi. Tuna gari dogo la kawaida. Mume wangu anataka tukodi gari kubwa lenye hema juu ya paa, mimi naona ni kutupa pesa. Shemeji yangu naye ananitisha na viboko. Watoto wa umri huo wataweza kweli? Tuanzie wapi?

Jibu: Dada, watoto wataweza. Wanaorudi kutoka Naivasha wakiapa hawatalala tena kwenye hema mara nyingi ni watu wazima, na kilichowashinda si mchana. Watu hupanga mchana: boti, baiskeli, nyama choma, picha. Mchana wa Naivasha unajipanga wenyewe. Usiku ndio unaotaka hesabu: mtalala juu ya nini, uzio uko wapi, choo kiko umbali gani, na nani yuko macho saa nane za usiku. Kwa hiyo naanza na usiku.

Na usiku wa Naivasha ni baridi. Neno “ziwa” linawapotosha watu, wanafikiria joto la Kisumu au Baringo. Ziwa hili liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi yenyewe, na Agosti ni mwezi wa baridi. Mchana utavaa fulana na kofia ya jua. Kuelekea alfajiri joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kosa linalorudiwa kila wikendi ni kubeba mablanketi manne ya kujifunika na kusahau cha kutandika. Ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Godoro la hewa peke yake halisaidii sana, kwa sababu hewa iliyo ndani yake hupoa usiku kucha na wewe uko juu yake. Tandikeni kwanza turubai, kisha mkeka au kapeti kuukuu, kisha godoro la sponji hata kama ni jembamba, ndipo muweke shuka na blanketi. Mkiwa na godoro la hewa tu, wekeni blanketi nzito juu yake, chini ya mwili. Kila mtoto awe na soksi kavu za kulalia ambazo hazijavaliwa mchana, kofia ya sufu na suruali ndefu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo, ikiwekwa miguuni, humtuliza mtoto wa miaka 6 kuliko maneno yako yote.

Hapa nasema jambo moja kwa ukali. Msiingize jiko la makaa ndani ya hema, hata kama limebaki majivu na vipande viwili vyekundu, hata kama mmeacha zipu wazi kidogo. Makaa yanayoishia hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Aliyelala haamki akikohoa. Hulala zaidi, na anaweza asiamke kabisa. Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani, si kwa kupika wala kwa kupasha joto. Ukisikia mtu anasema “sisi hufanya hivyo kila mara”, mwache na mazoea yake.

Sasa viboko. Shemeji yako hakutishi bure, ila nadhani anakutisha kwa sababu isiyo yenyewe. Kiboko haji kuwawinda. Mchana hukaa majini, jua likizama hupanda nchi kavu kutafuta nyasi, na kabla ya mapambazuko hurudi. Anapita njia zake zile zile mpaka zinakuwa mifereji ardhini. Hatari iko pale mtu anaposimama kati yake na maji, au anapomshtua gizani. Hapo atakimbia kasi kuliko binadamu yeyote, na uzito wake hupita tani moja bila shida. Watu wanaoumizwa Naivasha aghalabu ni wavuvi na wanaotembea ukingoni alfajiri au jioni, si wageni waliolala ndani ya kambi yenye uzio.

Kwa hiyo neno kubwa ni uzio. Kambi nyingi za upande wa kusini, kando ya barabara ya Moi South Lake, zina uzio wa umeme wa nyaya chache kati ya uwanja wa mahema na ziwa. Huwashwa jioni na kuzimwa asubuhi. Kabla ya kulipa, piga simu uulize: uzio unawashwa saa ngapi, umeme ukikatika mna jenereta au betri, na askari wa usiku yuko upande wa lango tu au anazunguka hadi ukingoni? Mtu wa kambi nzuri hujibu bila kusitasita. Akianza kukwambia “hapa hakujawahi kutokea kitu”, tafuta kwingine. Mkifika, wapeleke watoto mchana wauone uzio, waambieni usiguswe, na kwamba jua likishuka hakuna anayeuvuka, hata kama mpira umeingia upande wa pili. Usiku huenda mkamsikia kiboko akitafuna nyasi na kukoroma hatua chache tu kutoka kwenye uzio. Ni sauti kubwa kuliko mnavyotarajia. Waandaeni watoto mapema ili iwe burudani badala ya kilio.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba ukingo wa ziwa hili hautulii. Mito Malewa na Gilgil huleta maji, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hupotea kwa mvuke, kwa kumwagilia mashamba ya maua na kwa kupenya chini ya ardhi. Matokeo yake, miaka ya ukame ziwa hurudi nyuma kama lilivyofanya 2009, na mvua zikizidi hupanda. Mwaka 2020 lilipanda hadi likaingia nyumba za watu katika mtaa wa Kihoto, na miti ya migunga iliyokuwa nchi kavu ikabaki imesimama majini, imekufa. Kwa hiyo picha nzuri za kambi unazoziona mtandaoni, za nyasi zilizoteremka hadi kwenye maji, zinaweza kuwa za ziwa lingine kabisa. Waombe wakutumie picha iliyopigwa wiki hii kutoka mahali mtakapopiga hema. Maji yakipanda, nyasi za ukingoni zinazama na viboko wanasogea juu zaidi kutafuta malisho, kwa hiyo swali la uzio na swali la kiwango cha maji ni swali moja.

Kuhusu kambi yenyewe, majina kama Fisherman's Camp na Camp Carnelley's utayasikia kwa kila mtu, kwani watu wamepiga mahema huko kwa miaka mingi. Ziko nyingine upande huo huo. Mimi simchagulii mtu kambi kwa jina, namchagulia mahali ndani ya kambi. Chagueni uwanja ulioinuka kidogo, si bonde dogo lenye nyasi za kijani zaidi, maana ukijani huo unakwambia maji yanatuama hapo. Kaeni mbali na baa, kwa sababu Jumamosi usiku muziki katika baadhi ya kambi huenda hadi saa saba, na hakuna blanketi la kuzuia hilo. Ulizeni waziwazi kama kuna sherehe iliyowekewa nafasi wikendi hiyo. Choo kiwe karibu kiasi cha mtoto kufika kwa tochi, lakini kisiwe ubavuni, kwani kila mlango utakaopigwa usiku mtausikia nyinyi. Halafu tazameni juu. Migunga ya Naivasha, ile yenye gome la njano, ni mizuri ajabu, lakini matawi makubwa yaliyokauka huanguka bila taarifa upepo ukivuma. Kivuli cha mchana kitafuteni chini ya mti. Pa kulala pawe pembeni yake.

Sasa niwaamulie wewe na mzee. Kwa safari hii una haki. Hema la juu ya paa ni zuri kwa anayehama kila siku: leo Naivasha, kesho Baringo, keshokutwa Samburu. Linafunguka kwa dakika chache na unalala mbali na matope. Lakini nyinyi mnakaa mahali pamoja. Mahema mengi ya paa hutosha watu wawili, kwa hiyo mtahitaji mawili au muwagawe watoto. Mtoto wa miaka 6 akitaka kukojoa saa tisa usiku, mnashuka ngazi gizani. Na mkitaka kwenda dukani Karagita kununua maziwa asubuhi, lazima mkunje nyumba kwanza. Zile nyumba za magurudumu zenye bafu na jiko, mnazoziona kwenye filamu za Marekani, huku kwetu ni nadra, na kambi zetu nyingi hazikujengwa kwa ajili ya kuziunganisha na umeme na maji. Gari lenu dogo linatosha, barabara ya lami inafika kwenye kambi nyingi za kusini. Mume wako asikate tamaa, wazo lake si baya, limekosea safari tu.

Hema la chini basi. Likiandikwa “watu 4”, maana yake ni watu wanne waliolala ubavu kwa ubavu bila begi hata moja. Chukueni la watu 6. Muhimu kuliko ukubwa ni kifuniko cha nje: kishuke karibu na ardhi pande zote na kisigusane na kitambaa cha ndani, la sivyo alfajiri mtaamka mkidhani mvua imenyesha ndani, kumbe ni pumzi zenu zilizogeuka maji. Acheni madirisha ya juu wazi kidogo hata kama kuna baridi. Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema la bei nafuu havifai Naivasha, kwani udongo wa huko ni vumbi laini la volkano na upepo wa alasiri unaotoka ziwani unaving'oa. Mwende kwa fundi wa vyuma awakatie nondo nyembamba za sentimita 30 zilizopindwa juu kama ndoano. Bei yake haitawaumiza. Na kabla ya safari, simamisheni hema mara moja nyumbani, hata kwenye maegesho ya ploti au juu ya paa la fleti. Ni afadhali mgundue kwamba nguzo moja haipo mkiwa Nairobi. Mkikodi badala ya kununua, na kwa mara ya kwanza ningekodi, fungueni kila zipu mbele ya mwenye hema.

Choo cha usiku nimekitaja, na siwezi kukipita hivi hivi. Bebeni ndoo ndogo yenye kifuniko, iwekwe kwenye ukumbi wa hema, kati ya mlango wa ndani na wa nje. Najua watu wanaona haya. Ndoo hiyo ndiyo itakayowafanya mlale.

Kwa chakula, sheria ni kumaliza kupika kabla ya giza. Agosti jua huzama kama saa moja kasoro robo, na baada ya hapo giza linashuka kwa haraka. Mtungi wa meko wa kilo 6, sufuria mbili, kisu, ubao na karai vinatosha. Usiku wa kwanza msijaribu kuwa mashujaa: bebeni githeri iliyochemshwa nyumbani mkaange tu, au pilau ya kupasha. Kuni nunueni kambini, msiokote wala kukata. Samaki wapo, wavuvi huuza kwenye ufuko wa umma wa Karagita. Nunueni asubuhi, na mpike waive kabisa. (Wanaovuliwa humo karibu wote waliletwa na watu. Hata kamba wa maji baridi, asili yake Louisiana, walitiwa ziwani mwaka 1970.) Mkimaliza kula, kila kitu chenye harufu kirudi ndani ya gari, na madirisha yapandishwe. Tumbili wa Naivasha wanajua kufungua zipu. Ndizi moja iliyoachwa ndani ya hema mchana itawagharimu hema lenyewe.

Kwa safari ya kwenda, ondokeni Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Sisemi hivyo kwa kuogopa msongamano tu, ingawa Ijumaa jioni kutoka Nairobi mnaujua. Lengo ni kufika saa tisa, hema lisimame kufikia saa kumi na moja, mpike kukiwa na mwanga. Njia ni mbili. Ya juu inapita Limuru na ina ukungu mzito asubuhi za Julai na Agosti. Ya chini inashuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu na ina malori mengi, lakini inawafikisha kwenye njia panda ya Moi South Lake bila kuingia mjini Naivasha. Mwenye gari dogo na watoto mchana mkavu, ningemshauri ya chini, bila haraka, breki zikiwa zimekaguliwa. Kwa jumla ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi hadi mjini. Na mkija kuahirisha hadi mwaka ujao, epukeni wiki ya Safari Rally, ambayo tangu 2024 hufanyika Machi. Kambi zote hujaa na bei hupanda.

Mchana nitaupitia upesi. Boti iwe asubuhi, kabla ya saa nne, maji yakiwa yametulia. Alasiri upepo huinua mawimbi. Kila mtu avae jaketi la kuelea linalomtosha, na la mtoto liwe la mtoto. Kama hakuna saizi yake, hampandi, hata kama nahodha anacheka. Mwambieni asiwakaribie viboko kwa ajili ya picha. Kuogelea, hapana. Crescent Island inafaa sana kwa watoto kwa sababu unatembea kwa miguu kati ya twiga, punda milia na kuro, na hakuna simba. Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa simulizi za simba jike Elsa, iko barabara hiyo hiyo ya kusini, na ni kimbilio zuri alasiri ikiwa na manyunyu.

Hell's Gate ndiyo inayotaka maneno zaidi. Hifadhi ile ya kilomita za mraba 68 ni miongoni mwa chache nchini ambako unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Kutoka lango la Elsa hadi kwenye korongo ni takriban kilomita 8, kwa hiyo mtoto wa miaka 10 aende kwa baiskeli na mzazi mmoja, wa miaka 6 aje kwa gari. Nyati wapo, msikate kona kupitia vichakani. Malipo ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu, hivyo lipieni mkiwa bado na mtandao mzuri. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Bebeni za kujaza tena.

Lile korongo lenyewe, lenye kuta nyembamba na maji ya moto yanayochuruzika, lina sura mbili. Mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu humo, saba kila mara. Maji hayahitaji mvua inyeshe pale ulipo. Mvua ikinyesha mbali, upande wa juu, dakika chache baadaye ukuta wa maji unashuka kati ya miamba ambayo haina pa kupandia. Kwa hiyo: mwende na mwongozaji wa hifadhi, mwende asubuhi, na mkiona wingu jeusi upande wowote, msishuke, hata mwongozaji akisema ni sawa. Kwa mtoto wa miaka 6 ningeishia juu ya korongo, penye mandhari. Hatapoteza kitu.

Kuna vitu vidogo ambavyo watu husahau: tochi ya kichwani kwa kila mtu, mtoto akiwamo, dawa ya mbu, maji ya kunywa lita 20 kutoka nyumbani, chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha (ORS), betri ya kuchajia simu, nyundo. Andikeni pia namba ya askari wa kambi kwenye karatasi. Hospitali kubwa ya serikali iko mjini Naivasha. Jioni ya kwanza ulizeni kambini ni nani mwenye gari linaloweza kutoka usiku, iwapo lenu litakataa kuwaka.

Jumapili msikimbilie kukunja hema alfajiri. Litakuwa limelowa umande. Kunyweni chai, mligeuze sakafu itazame jua, na kufikia saa nne litakuwa limekauka mlikunje na muondoke kabla Nairobi nzima haijaamua kurudi nyumbani kwa pamoja. Kama mvua imewalazimisha kulikunja likiwa bichi, litundikeni kwenye kamba ya nguo siku hiyo hiyo mkifika. Ukungu ukishaingia kwenye kitambaa hautoki, na kama mlikodi, mwenye hema atawadai.